Viganja Ukutani

Mama Kanyere hakuanguka.
Alijikwaa tu, alisema,
na kujikwaa si kuanguka, hukufundishwa?
Lakini Jumanne alisonga bugali kwa mkono wa kushoto,
mkono ambao maisha yote
kazi yake imekuwa kushikilia sufuria,
na alipoinama kunipa kikombe
kitenge kikasogea begani
nikaona doa, rangi ya bilinganya,
pana kama kisahani.

Sikusema kitu. Nilikunywa chai.

Mwaka ule mlima ulipopasuka
alitoka Birere na cherehani kichwani,
mdogo wangu mgongoni, mimi nimeng'ang'ania nguo yake,
moto nyuma yetu unatembea kama mtu asiye na haraka,
mawe yanayeyusha kandambili,
na hakuteleza hata mara moja.
Leo ana miaka sabini na mitatu. Anaangushwa na nini?
Mkeka.
Bidoni ya maji niliyoiacha mlangoni, mimi mwenyewe.
Kizingiti, kimo cha vidole viwili.

Basi nikaanza kuisoma nyumba.
Nyumba yetu ya Katoyi ni ya mbao, na mbao hazina siri.
Toka jikoni hadi kwenye kiti: viganja vinne,
usawa wa nyonga, mawese na vumbi la makala.
Toka kwenye kiti hadi mlango wa nje: vitatu,
na kimoja kimeteleza,
vidole vimevutwa chini kama matone dirishani.
Kando ya kalenda ya parokia, kimoja cheusi kuliko vyote.
Hapo ndipo husimama kizunguzungu kipite.
Sisi tulidhani anatazama tarehe.

Kati ya kitanda na mlango, hatua sita,
sikuona hata kimoja.
Nikafurahi, mchana kweupe.
Usiku umeme ulipokatika ndipo nikaelewa:
hapo hapana ukuta. Pana pazia.
Pete zake tatu zilikwisha kung'oka,
na tulimsingizia paka.

Fundi Baseme alikuja na pembe za chukudu kuukuu,
mti uliolainishwa na mikono ya mtu
aliyeteremsha viazi kutoka Kibumba miaka na miaka.
Akazipigilia kwenye nguzo, kando ya mto wa kulalia.
"Mnaniuzia chukudu sasa? Nibebe magunia?"
Hakuzigusa siku nne.
Mkeka tukaukunja, kizingiti kikapigwa randa,
Asifiwe akapaka chokaa ukingo wa ngazi,
akatoka na chokaa hadi kwenye nywele.
Tochi tuliifunga kamba kitandani.
Muuguzi akapima presha, amelala, kisha amesimama,
akatazama namba mbili zisizopatana,
akasema: ukiamka, kaa kwanza. Hesabu mpaka kumi.
"Nimezaa watoto saba," mama akamjibu,
"hakuna aliyenifundisha kuamka."

Na Mama Tumusifu wa ng'ambo ya ua
tulimpa kazi ya masikio.
Kila alfajiri mama hugonga sufuria kwa mwiko, mara tatu.
Kengele ya misa ikilia sufuria iko kimya,
usibishe hodi.
Ingia.

Alhamisi ya mvua, kengele ililia.
Sufuria kimya.
Mama Tumusifu aliingia na povu la sabuni mpaka viwikoni,
miguu mitupu, jina la Bwana mdomoni,
mimi nyuma yake nimevaa blauzi nje ndani.

Tukamkuta ukingoni mwa kitanda,
nyayo zote mbili sakafuni,
mikono yote miwili kwenye pembe za chukudu,
macho amefumba.

"Nimefika saba," akasema. "Msinikatishe."

Tukasimama kama watoto waliochelewa shule.
Nane. Tisa.
Kwenye kumi akakaa kidogo zaidi, kwa makusudi, namjua.
Kisha akanyanyuka, akapita kati yetu,
akachukua mwiko, akagonga mara nne:
tatu za kila siku,
na moja ya wenye haraka.