Mizani ya Ghala Namba Mbili

Gunia la dagaa liliondoka kwangu na kilo hamsini,
likafika Tabora na arobaini na nane.
Mihambo, ambaye sijapata kumwona uso,
akaandika nyuma ya hati kwa wino mwekundu:
Pungufu kilo mbili. Eleza.

Nikajibu: Jua.
Hati ikarudi baada ya siku nne:
Jua halina mfuko.

Basi nikakaa na mizani yangu,
hapa juu ya gati la Kigoma panaponuka mawese na dizeli,
nikaipima upya safari, kituo kwa kituo.

Dagaa walitoka Katonga asubuhi, ubichi haujawaisha.
Gwimo aliwabeba mgongoni,
na jasho lake nalo likaingia kwenye hesabu.
Kandaga, gunia linapumua.
Uvinza, mtoto anatia kidole kwenye tundu la mshono,
dagaa wawili, watatu. Nani atauhukumu mchuzi wa jioni ile?
Malagarasi reli imemezwa na maji, treni inalala,
na panya hawajui ratiba.
Nguruka. Usinge. Vumbi linaingia, harufu inatoka.
Kaliua mlinzi ana watoto saba.
Hata kufika Usoke wamekauka, wamekauka kabisa,
wepesi kama kiapo cha mlevi.

Yote hayo hayakuenea nyuma ya hati.
Niliandika: Njia imekula.

Lakini chumvi! Chumvi ya Uvinza wakati wa masika
hunywa hewa behewani
ikashuka Tabora nzito kuliko ilivyopanda.
Hapo Mihambo haandiki kitu.
Wino mwekundu haujui kuuliza habari ya kilichoongezeka.

Shuleni Kasulu nilifundishwa mizani nyingine,
ile ya kuhesabu sauti kwa vidole.
Siku moja ghala tupu, meli imechelewa,
nikamtungia mstari, nikaubandika kwenye gunia la hamsini:
Nakuletea dagaa, uwapime kwa imani.
Nane na nane. Nilihesabu mara tatu.
Ukarudi umepigwa mstari chini ya imani:
Mizani sawa. Dagaa pungufu kilo moja na nusu.

Nilicheka hadi Gwimo akatua mzigo kuniangalia.

Miaka kumi na mmoja tumeandikiana hivyo,
migongoni mwa hati, kati ya madumu na mabati,
yeye akidai, mimi nikieleza:
Unyevu. Kamba imelegea. Panya. Njia.
Mara moja tu: Mama amefariki, sikupima vizuri.
Ile haikurudi na swali.
Ilirudi imekunjwa mara nne, ndani yake noti mbili za rambirambi.

Mwaka wa mvua ile, tuta likakatika.
Wiki sita hakuna behewa.
Saruji ikaganda ghalani, ikawa mawe yenye umbo la mifuko,
na mimi, mtu mzima, nikawa nautamani wino mwekundu.

Treni ya kwanza kupita ilileta dumu moja la asali,
asali ya miombo, ya huko Sikonge,
na kikaratasi kimefungwa shingoni kwa kamba ya katani:
Kilo tano. Kwa mpima mizigo, Kigoma.
Nastaafu Ijumaa.

Nikaliweka juu ya jukwaa. Nikasogeza jiwe.
Mkono ukatetemeka, ukapanda, ukatulia.
Kilo tano na robo.
Nikapima tena. Tano na robo.
Mfuniko umezibwa kwa nta, mvua haikuingia,
na Mihambo, kwa ninavyomjua, hakosei kupima.

Chini gati lilikuwa linaita, mashua za Kalemie zimefunga,
Gwimo anapiga mluzi.
Nikageuza kikaratasi, nikatafuta kalamu:
Imepokelewa. Ziada robo kilo.

Neno lile jingine
sikuliandika.