Rangi ya Tofali

Umeme ulikatika saa nne kasoro,
ile mashine mpya ikafumba jicho lake la kijani
katikati ya namba.
Bi Sikudhani hakuguna. Alifungua kabati,
akatoa bureti iliyoviringishwa kwenye khanga kuukuu,
akaisuuza mara tatu, akaniambia: "Shika stendi.
Usiishike kama fagio."

Maji yenyewe yalitoka Mbagala Kuu
ndani ya chupa ya juisi ya embe, lebo haijabanduliwa;
kisima cha Bwana Matimbwa, mita sitini kwenda chini,
naye yuko nje kwenye benchi, goti linamtikisika,
anangoja karatasi yenye muhuri.

Mililita hamsini kwa pipeti.
Kromati kidogo, maji yakawa manjano
kama mchuzi wa bizari uliozidishwa maji.
Kisha fedha. Ndiyo, fedha yenyewe, ile ya vikuku,
imeyeyushwa, imefichwa kwenye chupa ya kahawia
kwa kuwa haipatani na jua.

Tone.
Wekundu unazuka, unazungushwa, unakufa.
Tone.
Chumvi bado ipo, inaila fedha, inageuka maziwa.

"Wahenga walisema haba na haba," nikaanza.
"Wahenga hawakuwa na bureti," akanikata.
"Hapa haba moja ikizidi, mwaga, anza upya."

Nikamwaga mara mbili.
Ya tatu, jasho linanichuruzika ndani ya koti,
feni imekufa, jenereta la jirani linabweka,
nusu tone likaning'inia mdomoni mwa bureti
likakataa kuanguka.
Akaligusisha ukutani mwa chupa,
akalisukuma ndani kwa maji safi,
na ile njano haikurudi.
Si nyekundu. Usiisingizie nyekundu.
Tofali la kuchoma lililonyeshewa usiku.

"Soma. Inama, jicho liwe sawa na maji."
Thelathini na mbili, nukta nne.
Akasoma yeye. Nukta nne.
Hakunisifu; aliandika tu kwa kalamu ya wino,
maana penseli, anasema, ina huruma.

Bwana Matimbwa akachungulia mlangoni:
"Mashine imesemaje?"
"Mashine imelala. Kisima chako kimeingiwa na chumvi."
"Nyingi?"
Akamgeuzia daftari.
Mtu yule aliitazama namba muda mrefu,
kama anayetafuta pa kuishika.

Saa kumi umeme ulirudi.
Mashine ikafumbua jicho, ikatuuliza tarehe.
Nikaibonyezea, kwa kidole kilichoanza kuwa cheusi
pale fedha iliponidondokea
nami sikujua.