Mwiko

Sina mashine. Nina meza ya jikoni,
kisu cha kuchongea, kopo la wino mweusi,
na kipande cha sakafu ya Effie
alichoning'olea karibu na sinki:
linoliamu ya hapa hapa Kirkcaldy,
imelika pale aliposimama miaka arobaini
akimenya viazi.

Niliilaza juu ya hita ilainike,
nikamchonga yeye.
Kisu kiliteleza shavuni; nikauacha mchirizi.
Nikayaacha na makovu ya miguu ya viti.
Kinachobaki juu ndicho kisemacho,
nilichokitoa ndicho mwanga.

Kisha karatasi, na mgongoni mwake mwiko,
ule ule wa ugali,
duara, duara, kiganja kikiwaka moto,
mvua ikija kwa ubavu kutoka baharini.
Mwiko kuuharakisha mwiko.
Mama angeuliza: leo wapika nini?
Uso, mama. Subiri uive.

Nikainua ncha.
Wino ukaachia karatasi shingo upande, krrr,
na lahaula! chunjua lake limehama shavu.
Nilisahau kwamba chapa hugeuza.

Nikateremka nayo ingali mbichi,
radhi ikiwa tayari mdomoni.
Effie akavaa miwani. Birika likachemka, likajizima.
"Kwenye picha zote simjui yule mwanamke," akasema.
"Huyu namjua. Yumo kiooni kila asubuhi."

Halafu, bila kuniangalia,
akauliza kama nitahitaji na kile cha mlangoni,
alipokuwa Wattie akivulia buti.