Fimbo ya Dozi

Mwaka wa nne wa udaktari tulitawanywa kama mbegu za mtama,
wengine Magu, wengine Misungwi, mimi kisiwani Kome,
na begi la vitabu, koti jeupe lenye mikunjo ya pasi,
stetoskopu shingoni tangu kwenye kivuko
ili abiria wajue.
Wakajua. Mmoja akaniomba nimtazamie mbuzi.

Mwalimu wangu hakuwa profesa.
Alikuwa Mama Nyanjige, mhudumu wa afya wa kitongoji,
darasa la saba, baiskeli isiyo na breki,
daftari lililovikwa kalenda ya mwaka juzi,
humo kila kaya ina mstari wake:
choo kipo; choo kimebomoka; choo kipo ila wanafugia kuku.
"Leo hutibu mtu," aliniambia. "Leo unahesabu."
Nikahesabu vyoo siku tatu.
Mimi niliyesomea moyo na vyumba vyake vinne
sikujua chumba kimoja hulaza watu tisa.

Siku ya nne ikaja fimbo.
Ya mkaratusi, ndefu kunipita,
imechorwa rangi nyekundu ngazi kwa ngazi:
hapa kidonge kimoja, hapa kimoja na nusu,
hapa viwili, hadi vitano juu kabisa.
Kichocho hakingoji mizani, na mizani ilikwisha betri.
Watoto wa shule wakapanga foleni juani.
Wadogo walisimama kwa ncha za vidole,
wanautaka ukubwa.
Wakubwa, waliouonja uchungu wake mwaka jana,
walikunja magoti ndani ya kaptula
wakafupika mbele ya macho yangu.
Mama Nyanjige akawagonga ugoko kwa kalamu:
"Nyooka. Konokono hadanganywi."

Saa nne wakaanza kutapika.
Mmoja, wawili, kisha safu nzima kando ya ua wa minyaa.
Nikafungua kitabu: madhara madogo, hupita yenyewe.
Yeye hakufungua kitu. Alimwinamia Lutobeka
akamuuliza swali nisilofundishwa kulitanguliza:
"Jana usiku mlikula nini?"
Mtoto akalitazama ziwa.
Ziwa limejaa sangara, wote wa kiwanda.

Wiki iliyofuata tulianza na sufuria.
Tukazunguka kuomba unga,
kibaba hapa, kisado pale;
mwenye duka akatoa sukari kwa sharti atajwe kanisani.
Uji ukachemka tangu alfajiri, moshi ukaniliza,
koti jeupe nikalitundika kwenye msumari,
sikumbuki nililichukua lini.
Kikombe, fimbo, vidonge.
Walitapika wawili tu.

Mtihani wa mdomo, mjini,
dirisha likitazama ile miamba iliyobebana,
mtahini akauliza: "Kichocho. Tiba?"
Nikasema: "Uji."
Kalamu yake ikasimama hewani.
Nikataja na dawa, na miligramu kwa kilo, nisije nikaanguka bure,
lakini neno la kwanza lilishatoka
na sikulirudisha.

Sikumweleza yote.
Kwamba bomba la kijiji lilikauka wiki ileile ya kuzinduliwa.
Kwamba Lutobeka, vidonge vingali tumboni,
jioni alishuka na ndoo, maji magotini, mlemle kwenye matete,
maana maji ya uji tuliyachota palepale.
Kwamba nami, mtoto wa baridi ya Njombe,
nilioga ziwani kila jioni nikijiona mwenyeji,
hadi tumbo likanikata, nikaiona damu
katika choo nilichokihesabu mwenyewe.

Nilimwendea na aibu yangu. Hakucheka.
Aliegemeza fimbo ukutani.
"Visigino chini, daktari."
Rangi ikanigusa utosini: vinne.
Nikanyoosha kiganja.
Akakifumba chake.
"Umekula?"