Mabawabu Wawili

Gari lanijua. Ufunguo ukiwa mfukoni,
nikigusa tu kitasa, lanifungulia
kama mtu aliyekuwa kasimama nyuma ya mlango.
Kisha, sekunde moja, mbili,
lanipigia ukelele wa mwizi.

Mwizi ndiye mimi, Danguolė, muuguzi wa zamu ya asubuhi,
saa kumi na moja alfajiri, Klaipėda,
theluji vifundoni,
na ghorofa tano za madirisha yakiwaka moja moja.

Nililinunua kwa mtu wa Šilutė
akiwa keshalifunga king'ora cha dukani,
kijisanduku cheusi na rimoti yake ya plastiki,
kitufe kimoja kimezama.
"Salama kabisa," alisema.
Sikumuuliza: salama kwa nani?

Nilianza na yale yanayojaribiwa na kila mtu.
Betri mpya ya rimoti. Kelele.
Nikachomoa waya wa betri kubwa, nikahesabu hadi mia,
nikaurudisha. Kelele, na saa ya gari ikasahau siku.
Nikashuku swichi ya boneti, imeliwa na kutu,
nikaisugua, nikaipaka grisi. Kelele.
Nikapunguza ukali wa kihisio cha mtikisiko
hata paka wa jirani akaweza kulala juu ya paa.
Paka alilala.
Nikagusa mlango. Paka akaruka.

Usiku nikaandika nyuma ya karatasi ya dawa:
nikifungua kwa rimoti ya king'ora, kimya;
nikifungua kwa ufunguo wa kiwandani, kelele;
nikifunga kwa hii na kufungua kwa ule, kelele.
Nikaisoma kama nisomavyo chati ya mgonjwa
nikaona homa ilikoanzia.

Mabawabu wawili, mlango mmoja.
Wa kwanza kanitambua, kanifungulia,
hakumwambia mwenziwe.
Wa pili hana kosa: kaambiwa linda, analinda.
Wasemao fahali wawili hawakai zizi moja
waje waone hawa:
wanakaa, wamepeana migongo.

Jumapili akashuka Gintautas wa ghorofa ya tatu,
aliyekuwa fundi umeme wa meli,
ambaye tangu Novemba ananiachia vikaratasi kiooni:
Bibi, gari lako linalia.
Kana kwamba mimi nilidhani linaimba.
Kavaa ndara za sufi, kipima umeme kining'inie shingoni.
Hakunisalimu.

Tukalala chali chini ya usukani, vichwa vikigongana,
tochi ikiwa kati ya meno yake.
Akafuata nyaya kwa kidole kimoja, akinung'unika rangi zake,
mpaka kwenye ule wa kijani wenye mstari mweupe,
utokao kwenye kufuli kwenda kwenye kijisanduku.
Mtu aliusokota tu, akauzungushia utepe.
Utepe umekauka kwa baridi, umeachia.
Ncha mbili, na kati yake
nafasi ya punje ya mchele.
"Habari haifiki," akasema, tochi ikamtoka mdomoni.

Nikamwambia: kikate chote, tulale.
Wewe hasa, ulale.
Akanitazama kwa muda.
"Mwaka jana waliiba gari la Aldona. Hapa hapa.
Sikusikia chochote."
Akapuliza ncha ya chuma cha kulehemu.
Mimi nikashika waya, vidole hivi vilivyozoea mishipa ya watu,
moshi wa risasi ukatuingia machoni sote wawili.

Jumatatu. Nimegusa kitasa.
Taa zimepepesa mara mbili, basi.
Kimya, hadi nikasikia theluji ikitua begani.

Juu, dirisha la tatu likawaka hata hivyo,
saa yake ileile,
na kivuli kikasimama nyuma ya pazia
kikisikiliza kitu ambacho hakikuja.

Nilitaka kupiga honi, kidogo tu.
Sikupiga.