Uzito wa Khanga Kavu

Khanga kavu, kipande kimoja, gramu mia moja na tisini.
Ya kwanza niliipima Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
kwenye mizani ya duka la Mhando.
Akaniuliza: siku hizi unauza nguo kwa kilo?
Nikamwambia nasoma.
Akacheka mpaka sukari ikamwagika.
Kwa umri huo? Usomee nini tena, nesi,
na sindano unachoma bila kutazama?

Nasomea damu, Mhando.
Damu ya mzazi inayoshuka kimya,
ikanywewa na khanga, na godoro, na sakafu ya Bombo,
na sisi wenye macho ya kukesha
tunaandika kwenye faili: kiasi.
Kiasi gani?
Kiasi.
Neno hilo nimeliandika miaka kumi na tisa
kwa mkono huu, wino wa bluu, sahihi na tarehe.

Msimamizi wangu yuko Dar. Hupiga simu magharibi,
ninapofunga kitambaa kichwani niende zamu.
Sura ya tatu, anasema, haijakaa sawa.
Toa "niliona". Toa "nilihofu".
Na hapa, ukurasa wa arobaini na moja, "nilimshika mkono",
mkono una kipimo gani?
Nafuta.

Nimepima khanga mia mbili na sita,
mbichi, kisha kavu, nikatoa hii kwenye ile,
nikazoea kusoma majina yaliyoloa:
NILIJUA UTAKUJA, MLANGO SIKUFU
na herufi zilizobaki zimezama.

Mshiriki wa themanini na nane, Mwanakheri wa Pongwe:
jicho langu lilisema kidogo tu, mama, pumzika.
Mizani ikasema mia tisa, na inapanda.
Nilikimbia na kiatu mguu mmoja.
Yu hai. Juzi kaniletea machungwa ya Muheza,
mtoto ana meno mawili, kaning'ata kidole.

Lakini yuko mwingine, kabla ya mizani,
kabla ya kibali na fomu ya ridhaa.
Huyo hana namba.
Siku ile niliandika kiasi.
Ndugu zake walichukua mtoto, ndala, chupa ya chai.
Khanga waliisahau.
Niliifua mwenyewe, kwa maji baridi,
maana ya moto huigandisha damu ikakataa kutoka,
nikaianika nyuma ya wodi, nikaikunja.

Wenzangu hunitania: ukishakuwa Daktari Semkiwa
vitanda atatandika nani?
Mama, kule Magila, huuliza kwa upole zaidi:
mwanangu, huo udaktari unatibu, au ni wa karatasi?
Namwambia karatasi, mama, nayo ni dawa,
ikisomwa.
Hunyamaza. Nasikia anachambua mchele.

Keshokutwa natetea.
Watu watano, meza ndefu, jagi la maji.
Wataniuliza swali langu lilianzia wapi,
nami nitataja pengo la maarifa, kama nilivyofundishwa,
takwimu mkononi, sauti imenyooka.

Kabatini, droo ya chini, nyuma ya maboksi ya glavu,
iko khanga moja ambayo haimo kwenye jedwali lolote.
Nimeipima tena leo.
Mia moja themanini na saba.
Imepungua gramu tatu.
Huenda ni kufuliwa.