Daftari la Msaragambo

Mimi ndiye karani. Walinichagua
kwa kuwa nina hati nzuri na mguu mbovu.
Daftari ni la jalada la buluu, nyuma jedwali la kuzidisha,
saba mara nane imefutika,
pembe moja imeng'atwa na mjukuu wa Nimasiti.

Ukurasa wa kwanza, juu, kwa wino mwekundu:
ORODHA YA WALIOJITOA.

Jumamosi, maji yamekupwa.
Mbaruku Rumba: mawe, safari saba.
Mwanamkasi: mchanga, ndoo thelathini na moja na nusu.
(Alidai thelathini na mbili. Ya mwisho ilimwagika.
Tulibishana mpaka tukafika nusu.)
Mwatumu: kokoto.
Mwinyikai hakubeba kitu, alisimama akitoa amri.
Nimemwandika: amri, nyingi.

Saruji ilivushwa kutoka Sahare, mifuko ishirini na miwili.
Miwili ya chini ilikunywa bahari njiani;
ilipotua kisiwani ilikuwa imeshaamua.
Tukaichana: mawe mawili yenye umbo la mto wa kulalia,
mshono wa mfuko umebaki ubavuni
kama wa mtu aliyepasuliwa.
Fundi Sekiteke akasema itupwe.
Nimasiti akaukalia mmoja
akaanza kuchambua maharage ya wafanyakazi.
Maharage sikuyaandika. Sikuwa na safu yake.

Wiki ya tano mwamba wa pweza ulifunguliwa.
Ukurasa mzima una majina manne
na moja ni langu.

Kisha akaja Bwana Sempombe wa wilayani,
viatu mkononi, suruali imekunjwa magotini,
kuona tangi la maji ya mvua la shule.
Akapiga ukuta kofi, ukaitika vizuri.
Akaomba daftari.
"Karani, hawa wote wamejitoa?
Sasa tangi limejengwa na nani?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka, nikichelewa kidogo.
Akanielekeza kwa upole: walioji-to-LE-a.
Kumbe silabi ni kama kiwiko cha bomba,
kidogo, cha bei ya chai,
ukikikosa, mvua yote ya bati
inaanguka nje ya tangi.

Akanipa kalamu yake nisahihishe.

Nikaipitia orodha kwa kidole.
Mbaruku alijitoa kwenye nyavu Jumamosi tisa,
mkewe anazijua kwa majina ya mboga walizokula.
Mwanamkasi alijitoa usingizini.
Na Mwatumu: kokoto, kokoto, kokoto,
Jumamosi ya nne mstari mtupu.
Usiku ule alivushwa kwenda Bombo, mimba ya miezi saba.
Hakurudi yeye, hakurudi wa tumboni.
Nyundo yake ilikuwa bado imeegemea rundo.

Nikamrudishia Bwana Sempombe kalamu.
Nikamwambia wino wetu hauafikiani na wake.

Sasa kuna bango la mfadhili, limepakwa rangi,
na mvua za vuli zimeanza kwa kusitasita.
Watoto wanapanga ndoo kwenye bomba,
anayengoja zamu anakaa juu ya mfuko
pale Nimasiti alipokuwa akikaa.
Kipande cha karatasi hakijabanduka.
Wanaojifunza kusoma wanakisoma kwa sauti, kila siku,
kana kwamba kimebadilika:
ki-lo ha-m-si-ni.

Jana nilichora safu mpya, pembeni kabisa, nyembamba.
Maharage.
Nikaanza kuhesabu nyuma.